Diablo IV: nimeimaliza, nimeifuta, nimeirudisha. Mwenzenu nina tatizo gani?

Kisu cha Mfupa (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Hili jambo nimelibeba muda mrefu, leo nalitua mnisaidie. Mimi ni mtu wa gemu za Diablo tangu ile ya kwanza ya mwisho wa 1996: kijiji kimoja cha Tristram, kanisa moja, ghorofa 16 za kushuka chini ya ardhi, basi. Ya pili, ya mwaka 2000, ilinikosesha usingizi na sioni aibu kusema. Ya tatu, 2012, tulinuniana karibu miaka miwili kisha tukapatana. Hii ya nne iliyotoka Juni 2023 ndiyo imenishinda kuipangia fungu. Nikiicheza nanung'unika, nikiifuta naikumbuka.

Niipe haki yake kwanza. Mwanzo wake ni wa moto. Unatoka kwenye dhoruba ya theluji unafika kijiji kinaitwa Nevesk, watu wamekata tamaa, wanakuomba msaada. Unakwenda, unawatolea balaa lao, unarudi shujaa. Wanakukaribisha ndani, wanakupa cha kutia mdomoni, wanakushangilia. Kisha macho yanakuwa mazito. Ukija kuzinduka, wenyeji wako hao hao wako tayari kukuchinja. Nilikaa wima kwenye kiti. Nikasema giza limerudi nyumbani.

Kupigana nako sina neno. Kati ya wahusika wa kuchagua, Barbarian anatembea na silaha 4 mwilini na kila moja ina uzito wake, rungu likitua unajua limetua. Necromancer akilipua maiti moja katikati ya kundi, waliokufa kwa mlipuko nao wanakuwa baruti ya mlipuko unaofuata. Hiyo raha haijachuja mpaka leo.

Sasa njooni kwenye mzigo, maana gemu hizi mtu anacheza kwa ajili ya kinachodondoka adui akifa.

Nimefika levo ya 70 na kitu, nimesimama mji wa Kyovashad mbele ya mhunzi, mfuko umejaa, nafasi 33 zote. Kazi ikawa kusoma. Upanga wa kwanza unaongeza madhara kwa adui aliye karibu nami. Wa pili, kwa adui aliyepunguzwa mwendo. Wa tatu, kwa adui aliyejeruhiwa, yaani aliyebakiwa na uhai chini ya asilimia 35. Wa nne, mambo hayo hayo kwa mpangilio mwingine. Jamani, mimi Barbarian! Adui wangu yupi hayuko karibu nami? Nilitumia dakika kumi nikipima panga nne, nikachagua moja, nikatoka nje ya mji, na sikuona tofauti hata chembe. Nikarudi na mfuko mwingine. Nikasoma tena.

Kwenye ya pili pete ikidondoka sakafuni ilikuwa na mlio wake, kile kimlio chembamba, na moyo ulikuwa unaruka kabla hujaiona. Huku vinadondoka vitu vya kila rangi, moyo umetulia kama wa karani anayepokea barua.

Basi naombeni mawazo yenu. Gemu ina kasoro, au mimi nimezeeka?

Bundi Saa Nane

Natia timu mapema. Ngoja wazee wa Tristram waje tusome.

Binti wa Rathma

Mkuu Kisu, heshima yako, ila umeisifu Nevesk kwa aya moja kisha umeruka moja kwa moja mpaka levo ya 70. Hapo katikati umeacha stori nzima!

Kwangu mimi hii ndiyo Diablo ya kwanza yenye adui ninayemwelewa. Lilith haji kuangamiza dunia kwa sababu ni shetani na mashetani ndio kazi yao. Yeye ndiye aliyeiumba Sanctuary, dunia ya gemu hii, yeye na yule malaika Inarius. Ni binti wa Mephisto, mmoja wa mashetani wakuu, anamjua baba yake, anajua vita inakuja na binadamu ndio watakaokuwa majani wanapopigana tembo. Anachotaka kinaeleweka, njia yake ndiyo inayotisha. Mwangalie na huyo mumewe anayejiita mtakatifu: amemuua mwanawe wa kumzaa kwa sababu ya unabii anaotaka umhusu yeye. Nani shetani hapo?

Na Neyrelle, kitoto kinachomtafuta mama yake na kumkuta si yule aliyemjua. Nilisimamisha gemu nikaenda kunywa maji.

Sasa kumbukeni ya tatu. Shetani Azmodan alikuwa anakutokea hewani kila baada ya dakika chache kukueleza mpango wake wa vita! Jenerali gani anamtumia adui ramani? Toka hapo mpaka kwa Lorath wa hii ya nne, mlevi aliyechoka, na ile sauti nzito ya Ralph Ineson, ni safari ndefu. Anayesema gemu hii haina roho hakusikiliza, alikuwa anabofya kupita mazungumzo akawahi panga zake.

Mchimba Mizigo

Dada, stori nzuri sikatai. Ila stori inaisha. Unamaliza, pazia linashuka, kisha gemu inakwambia haya, anza sasa. Na kila msimu mpya unaanza na mhusika mpya kutoka sifuri. Mara ya nne hiyo stori unairuka kama sisi wote. Kinachobaki ni mzigo, na mzigo mleta uzi kaueleza vizuri.

Naongezea na lake: vito. Mwanzoni kila kito kilikuwa kinachukua nafasi kwenye mfuko. Nafasi 33, 10 zimejaa vito vidogo vidogo. Mpaka msimu wa pili ndio wakavihamishia kwenye vifaa vya ufundi. Jambo ambalo mtu yeyote aliyecheza saa mbili angeligundua!

Mgeni Kidogo

Huyo binti ametaja mpaka nani kamuua nani. Mimi niko sehemu ya pili ya stori jamani. Asanteni sana.

Binti wa Rathma

Ooh, samahani ndugu yangu. Ila hilo la Inarius linaonyeshwa mapema, bado hujaharibiwa chochote kikubwa. Funga uzi, nenda kamalize, urudi tulie wote.

Shetani Mstaafu

Vijana, niwakumbushe kitu, maana naona mleta uzi anasema ya pili kwa sauti ya mtu anayeongelea marehemu.

Ya pili ilikuwa hivi: ukigawa pointi za ujuzi vibaya, imekula kwako. Hakuna kurudi. Unamtupa mhusika, unaanza upya. Njia rasmi ya kugawa upya ilikuja mwaka 2010. Miaka 10! Mpaka siku hiyo sote tulikuwa tunacheza na karatasi pembeni kama tunafanya mtihani. Mfuko wake nao ulikuwa mdogo na hirizi zilikuwa zinakaa humo humo, kwa hiyo ukiwa na nguvu huna pa kuweka mzigo. Na ile pete ya Stone of Jordan mnayoililia ndiyo iliyogeuka pesa ya watu kwa sababu dhahabu ilikuwa haina thamani, kisha zikafurika za kughushi. Ikafika mahali ukiziuza kwa wingi kwa wachuuzi wa mjini, Diablo maalumu anatokea kwenye seva. Raha ilikuwepo, lakini tusiivishe kanzu nyeupe.

Na hakuna Diablo iliyozaliwa bila matusi. Ya kwanza yenyewe ilianza ikiwa ya zamu zamu, wewe unapiga hatua, adui naye hatua yake, na David Brevik ameshasimulia alivyoshikilia msimamo huo mpaka alipojaribu kuigeuza ikaenda papo kwa papo, akapiga mifupa kwa kubofya, hoja ikaisha. Ya tatu ilipoonyeshwa 2008 watu walikusanya saini kwamba ina rangi nyingi, ina upinde wa mvua. Ikatoka 2012, siku ya kwanza hatukuingia, ni ile hitilafu namba 37 tu usoni. Ikaja na mnada wa vitu kwa pesa halisi, ukaua raha yote ya kuokota, wakaufunga Machi 2014. Wiki moja baadaye ikatoka nyongeza yake, Reaper of Souls, na leo watu hao hao wanaiita gemu nzuri.

Sitasahau 2018 pia. Ukumbi umejaa watu waliokuja kusikia habari za ya nne, wanaonyeshwa Diablo ya simu. Watu wanazomea, mtu jukwaani anauliza kwani nyie hamna simu? Hicho ndicho kizazi kilichopokea hii ya nne. Tulikuja tumeshakunja sura.

Bundi Saa Nane

Mzee Mstaafu kula tano.

Hesabu Haidanganyi

Mzee wangu shikamoo, lakini kusema zote zilitukanwa hakujibu kwa nini hii imetukanwa. Mimi nitawaambia siku yenyewe.

Tarehe 18 Julai 2023. Zimebaki siku mbili msimu wa kwanza uanze. Watu wamepumzika, wamejipanga. Inashuka apdeti 1.1.0. Unafungua kusoma mabadiliko, unashuka, unashuka, kila mstari umenyolewa. Madhara ya pigo la kudra, yamenyolewa. Madhara kwa adui aliyelegezwa, yamenyolewa. Kasi ya ujuzi kujirudisha, imenyolewa. Sorcerer, ambaye alikuwa tayari anakufa kwa kukohoa, akapigwa kuliko wote.

Lakini kilichonichoma mimi hakikuwa namba hizo. Kuna kitufe cha kutoka shimoni ukishamaliza kazi. Kilikuwa kinachukua sekunde 3. Wakakifanya sekunde 5. Sasa niambieni, sekunde 2 hizo zilikuwa zinamtisha nani? Bosi keshakufa, mzigo nimeokota, nimesimama peke yangu kwenye shimo tupu namtazama Sorcerer wangu akipunga mikono. Namba ukininyoa nitakuelewa, una sababu zako za mizani. Sekunde 5 zile zilinionyesha kuwa aliyeamua anahesabu muda ninaokaa humo, si raha ninayopata.

Siku tatu baadaye watengenezaji, Blizzard, walijitokeza wenyewe hewani wakasema hawatatoa tena apdeti ya namna ile. Sawa. Ila kundi langu la watu wanne lilishabaki mtu mmoja.

Mchimba Mizigo

Hapo umegonga ikulu. Kundi letu nalo lilifia wiki ile ile.

Nusu Saa Tu

Nawasoma tangu asubuhi, naona kila mtu yuko sahihi, na hilo ndilo lililonishangaza.

Mimi nilichelewa. Nina mtoto mchanga, nacheza akilala, nusu saa, ikizidi sana saa moja. Nilianza Mei 2024, msimu wa nne, ule waliouita Loot Reborn. Yaani hizo panga nne za mleta uzi mimi sikuzikuta. Nilikuta vitu vinadondoka vichache kidogo, vina sifa chache zinazoeleweka, na nikipenda kitu nakipeleka kwa mhunzi naongezea sifa nyingine mwenyewe kwa vitabu vya ufundi nilivyookota. Kuna alama ya nyota ikitokea kwenye kitu unajua sifa hiyo imezidi kawaida. Ile alama ndiyo kimlio changu mimi, mkuu Kisu. Nikiiona naamka kitini kimya kimya mtoto asishtuke.

Baadaye kaka yangu, aliyeacha Julai ile ya Hesabu, akanikuta nacheza. Akaanza kunieleza kasoro za gemu ninayoicheza, na mimi nimekaa mbele ya kioo sizioni! Vito mfukoni? Havipo. Kinga dhidi ya moto na sumu hazifanyi kazi? Zinafanya. Levo 100 za kusota? Oktoba 2024 mwisho ulishushwa mpaka 60. Tulibishana robo saa nzima kuhusu gemu mbili tofauti zenye jina moja.

Kwa hiyo nauliza tu: kabla mtu hajasema nzuri au mbaya, aseme kwanza aliingia mwezi gani.

Binti wa Rathma

Huu ndio mchango wa uzi.

Hesabu Haidanganyi

Ni mchango mzuri ila siukubali wote. Ndugu Nusu Saa, wewe umekuta nyumba imepakwa rangi. Waliolala humo mvua inavuja ni sisi, na tulilipa kuliko wewe uliyeingia imeshashuka bei. Wenyewe walitangaza siku 5 za kwanza mauzo yamepita dola milioni 666, na hiyo namba wameichagua kwa makusudi, wanacheza na sisi. Pesa hiyo ilitolewa kwa ile gemu ya Juni 2023. Sasa mtu akisema alinunua chakula kibichi, jibu la kwamba leo kimeiva halimshibishi.

Nusu Saa Tu

Sikukatalii. Hasira yako ina haki. Ila hasira ya kununua na uamuzi wa kucheza leo au kutocheza mimi naziona kesi mbili. Mgeni Kidogo pale juu yuko sehemu ya pili ya stori, anawasoma, anadhani atakutana na sekunde 5 zenu.

Mgeni Kidogo

Kweli kabisa nilishaanza kuogopa.

Njia Panda

Wote mnapoteza muda. Gemu ya Path of Exile ipo tangu 2013, imetengenezwa na watu waliokulia kwenye Diablo II, ujuzi wake una vituo zaidi ya elfu moja, na ya pili yake ipo wazi kwa wanaotaka tangu Desemba 2024. Huko ndiko Diablo ilikohamia. Hii ya nne ni maonyesho ya nguo dukani kwao na farasi waliovishwa vyuma.

Shetani Mstaafu

Kijana, niliingia huko. Nikafungua hiyo ramani ya ujuzi nikadhani nimefungua picha ya nyota za angani. Nikaifunga taratibu.

Njia Panda

Hahaha, mzee, unaanza na kona moja tu, zingine unazisahau.

Nafsi Moja

Wapenzi wa kifo kimoja mko wapi? Mimi nacheza ile njia ya ukifa umekufa, mhusika anafutika. Naomba niongee la moyoni.

Druid wangu alikuwa levo ya 91, enzi za 100. Nimemlea wiki nyingi. Niko ndani ya shimo, kundi dogo tu la wachawi, hata si bosi. Intaneti ya nyumbani ikakatika. Kioo kikaganda, dubu wangu ameinua mkono juu, hashuki. Nikawa natazama ule mkono. Niliporudi hewani hayupo kwenye orodha ya walio hai, yupo kwenye ile ya mashujaa waliokwenda.

Sasa mtandao kukatika si kosa la gemu, najua. Lakini mimi nilikuwa nacheza peke yangu! Peke yangu, ndani ya shimo la peke yangu, na bado lazima niwe hewani muda wote. Ya pili ulikuwa na hiari, unacheza mwenyewe nje ya mtandao ukipenda. Hili halijabadilishwa mwezi wowote, ndugu Nusu Saa. Mwezi wa Juni, wa Mei, wa Oktoba, lipo pale pale. Mimi kasoro yangu haina tarehe.

Mwanzoni kulikuwa na shindano: watu 1,000 wa kwanza kufika levo ya 100 kwa njia hiyo ya kifo kimoja majina yao yanachongwa kwenye sanamu ya Lilith. Sikuwa nalilenga, maana nacheza polepole. Ila nilivyofikiria waliolilenga na mtandao kama wangu, nilicheka kwa uchungu.

Bundi Saa Nane

Pole sana mkuu. Huo mkono wa dubu nimeuona kabisa.

Kisu cha Mfupa (mleta uzi)

Nimerudi. Nilikuwa nawasoma nikiwa kazini kwa kujificha.

Nijibu machache. Mzee Mstaafu, umenipiga ngwala. Nilishasahau zile karatasi za kugawa pointi, na nilikuwa nazo mpaka kwenye madaftari ya shule. Nakubali nusu ya ninachokililia ni umri wangu wa wakati ule.

Ndugu Nusu Saa, mimi niliingia Juni 2023 na kuacha Septemba. Nikarudi mara ya kwanza na ile nyongeza ya Vessel of Hatred, Oktoba 2024, kwa ajili ya yule mhusika mpya, Spiritborn. Na ni kweli, mzigo ulikuwa umefumuliwa, panga zinaeleweka. Ila nikakutana na jambo lingine: Spiritborn alikuwa na nguvu ya kutisha. Kuna namna ya kumjenga mabosi walikuwa wanakufa kabla sijaona wamevaa nini. Siku mbili nilicheka, ya tatu nikajiona kama mtu anayefagia. Mwanzo nilikuwa nasoma bila kuona tofauti, sasa naona tofauti bila haja ya kusoma. Bado sijapata ile ya katikati.

Na stori ya Nahantu, eneo la nyongeza hiyo, nayo, dada Binti, inakatika pale pale ilipotaka kunoga. Sitaji kitu, Mgeni asinichape. Lakini Mephisto tuliyemfuata safari nzima, tukifika inatuachia mlango wazi na kuzima taa. Hapo huwezi kuniambia nilikuwa nabofya kupita mazungumzo.

Kuna kero moja naona hamjaigusa. Adui wanapanda levo pamoja nawe. Mbwa mwitu wa milima ya Fractured Peaks niliyempiga nikiwa levo ya 5, nikirudi nina 40 naye ana 40. Sasa ukuaji wangu uko wapi? Kwenye zile za zamani ulikuwa unarudi kwenye eneo la mwanzo unapita kama mfalme, waliokutesa unawapuliza. Kile kisasi kidogo kilikuwa na utamu wake. Huku dunia nzima inakua na mimi, kama vivuli.

Hesabu Haidanganyi

Hilo la adui kukua na wewe mimi nalitetea, utashangaa. Bila hivyo ile ramani kubwa yote ingekuwa maiti. Ungebaki na kona moja ya eneo la Hawezar ya kupigania na maeneo manne ya kupita na farasi tu. Na tunaweza kukusanyika mimi wa levo ya 60 na mgeni wa 12 tukapiga pamoja, kila mtu anaona adui wa kiasi chake. Walichokosea ni kutotupa hata sehemu moja ya kujidai.

Binti wa Rathma

Kuhusu mwisho wa Nahantu nakubali, nilirusha pedi kitandani. Nilisema kitandani, msinihukumu.

Lakini mkuu Kisu, hebu niambie kitu kimoja. Umesema hujapata moyo kuruka. Je, Butcher, yule shetani mchinjaji, hajawahi kukutokea?

Kisu cha Mfupa (mleta uzi)

Aaah. Hapo umenikamata.

Mara ya kwanza nilikuwa na levo 20 na kidogo, usiku, taa nimezima. Shimo la kawaida, la kupita tu. Nasikia ile sauti yake ya “nyama mbichi!” kabla sijamwona. Sauti ile ile ya chumba kile cha damu, Tristram, nikiwa mtoto. Huku hana chumba chake, anatokea popote anapotaka. Nikageuka kukimbia, ndoano ikanirudisha. Nikakimbia tena, ikanirudisha. Nilikufa nikiwa nimeushika mlango wa kutokea, na nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu chumbani bila kujua nimesimama saa ngapi.

Sawa, moyo uliruka. Naandika hapa hadharani.

Mchimba Mizigo

Na ukija kumuua anadondosha nini cha maana? Hahaha, turudi kwenye mzigo.

Shetani Mstaafu

Mchimba hachoki.

Mgeni Kidogo

Wakuu, samahani kuwakatisha. Nimemaliza stori saa hii, nimelia kidogo, binti alisema kweli. Nilicheza na Rogue. Msimu mpya nataka nianze mtu mwingine. Nimebaki na wawili: Necromancer au Druid. Nina muda mchache, kama Nusu Saa. Nimchukue nani?

Nusu Saa Tu

Necromancer. Mifupa inapigana, wewe unabembeleza mtoto.

Nafsi Moja

Druid. Dubu hamwangushi mtu. Ila angalia intaneti yako kwanza.

Hesabu Haidanganyi

Usimchukue yeyote kabla hujasoma apdeti ya wiki hii, kuna mmoja kati yao kanyolewa.

Njia Panda

Chukua gemu nyingine.

Kisu cha Mfupa (mleta uzi)

Barbarian, mdogo wangu. Panga utanisomea mimi.